Programu Ikifa, Kazi Yako Inabaki na Nani?

Steshenari nyingi za Tanzania zinaendeshwa na programu tatu: Word ya barua na CV, Excel ya orodha, na Publisher ya kila kinachohitaji urembo. Kadi ya mwaliko, kadi ya mchango, kitini cha ibada ya mazishi chenye picha ya marehemu kwenye jalada, cheti cha semina, tangazo la chumba cha kupanga, vyote hivyo mchapaji huvipeleka Publisher, kwa sababu humo unaweka sanduku la maandishi popote unapotaka na linatulia palepale. Kwenye Word ukisogeza picha kidogo tu, aya zinahama, ukurasa wa pili unajitokeza bila kuitwa, na mteja yuko mbele yako anaangalia saa.

Programu hiyo imeshapangiwa tarehe ya kuzikwa. Microsoft, iliyoitoa mara ya kwanza mwaka 1991, ilitangaza kwamba Oktoba 2026 ndio mwisho wake. Kuanzia hapo anayelipia Microsoft 365 hataweza kuitumia kufungua wala kuhariri mafaili yake ya Publisher. Aliyenunua toleo la kudumu ataendelea nalo kwenye mashine yake, ila bila marekebisho ya usalama na bila msaada.

Watu wakizungumzia programu wanazozipenda, mara nyingi husifia vitufe: hii ina rangi nyingi, ile ina fonti nzuri, nyingine inafanya kila kitu kwa mbofyo mmoja. Sina ugomvi na vitufe. Lakini kwa kazi za kila siku, zile ambazo mwakani utazihitaji tena kwa kubadilisha tarehe na jina tu, mimi hupima kwa swali moja kwanza: siku programu hii ikiondoka, kazi yangu inabaki mikononi mwangu au inaondoka nayo? Ukilishika swali hilo, orodha ya programu nzuri inabadilika sana, na baadhi ya zile zinazoonekana za kizamani zinapanda juu.

Publisher inaanguka kwenye swali hilo kwa sababu ya jinsi faili lake lilivyo ndani. Faili la .pub limefungwa kwa namna ambayo Microsoft haikuiweka hadharani kama ilivyofanya kwa ndugu zake wa Word na Excel. Tofauti hiyo unaweza kuiona kwa macho. Chukua faili lolote la Word lenye mwisho wa .docx, tengeneza nakala yake, kisha ifungue nakala hiyo kwa Notepad. Utakutana na msitu wa alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa zitasomeka bila shida: PK. Hizo ni herufi za kwanza za jina la Phil Katz, Mmarekani wa Milwaukee aliyebuni muundo wa ZIP mwaka 1989 na kuuchapisha ili yeyote aweze kuutumia. Katz alifariki mwaka 2000 akiwa bado kijana, na herufi zake zimo ndani ya karibu kila CV inayotumwa leo.

Maana yake ni kwamba .docx ni furushi la ZIP tu. Funga Notepad bila kuhifadhi, iambie Windows ionyeshe miisho ya majina ya mafaili kupitia menyu ya View, kisha badilisha .docx ya ile nakala iwe .zip na uifungue. Ndani kuna folda inaitwa word. Humo kuna document.xml, ambamo karibu maneno yako yote yamekaa katikati ya alama za mpangilio, na folda ndogo ya media yenye picha zote ulizobandika, kila moja kama faili linalojitegemea. Mteja akikuletea ripoti yenye picha 40 na anataka picha zenyewe, huna haja ya kuzitoa moja baada ya nyingine. Na Word ikikataa kufungua faili kwa madai kwamba limeharibika, mara nyingi maneno bado yapo kwenye document.xml yanasubiri mtu wa kuyanakili. Muundo huu ulikuja na Office 2007, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo programu nyingine zinajua mahali pa kutafuta kila kitu.

Kwa .pub hakuna bahati hiyo. Ili programu nyingine iweze kulisoma, ilibidi watu wakae na mafaili mengi, wabadilishe kitu kimoja kimoja, waone ni baiti gani zimesogea, na hivyo kuubashiri muundo mzima kutoka nje. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 2012 chini ya mpango wa Google wa kulipa wanafunzi kushiriki katika programu huria, na matunda yake yakaingia kwenye LibreOffice 4.0, seti ya bure ya programu za ofisi, mwezi Februari 2013. Ndiyo sababu leo ukiwa na LibreOffice unaweza kubofya faili la .pub likafunguka ndani ya Draw, programu yake ya kuchora. Usitarajie muujiza. Maandishi na picha huja, mpangilio kwa sehemu kubwa huja, lakini vivuli, maandishi ya kujipinda na fonti za mbwembwe huja vibaya au haviji kabisa.

Kwa hiyo mwenye rundo la kadi na vyeti vya Publisher asingoje. Wakati Publisher bado inafunguka, kila kazi inayotarajiwa kurudi ihifadhiwe kama PDF, ili sura yake isipotee. Zile templeti zinazoingiza pesa kila wiki, kama kadi ya mchango na cheti, ni bora zitengenezwe upya sasa kwenye programu nyingine, kwa utulivu, kuliko kuzitengeneza siku kamati ya harusi imesimama mlangoni. Draw inatosha kwa kazi hizo. Hata PowerPoint inatosha, ukiweka ukubwa wa slaidi uwe A4 au A5, na sanduku la maandishi litatulia pale unapoliweka kama kwenye Publisher.

Wengi watajibu kwamba siku hizi kuna Canva. Ni kweli, na kwa templeti za kupendeza Canva inaishinda Publisher mbali. Lakini kazi yako inakaa kwenye akaunti, akaunti inataka nywila uliyoisahau, na yote yanataka bando. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora kwa siku kadhaa. Mwenye kazi zake ndani ya mashine aliendelea kuchapa. Ukiitumia Canva, itumie, ila kila ukimaliza pakua nakala, uihifadhi kwenye folda yako.

LibreOffice yenyewe ni mfano mzuri wa programu iliyokataa kufa na wenye nayo. Ilianzia Ujerumani katika miaka ya 1980 kwa kijana Marco Börries, ikiitwa StarWriter na baadaye StarOffice. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaachia msimbo wake kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, waandishi wa programu hiyo hawakuwa na imani na mmiliki mpya. Septemba mwaka huohuo wakajitoa, wakaanzisha The Document Foundation na kuendelea na kazi ileile kwa jina jipya. Imebadilisha mikono mara tatu na jina mara tatu, lakini barua iliyoandikwa humo zamani bado inafunguka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia mlango huohuo wa msimbo ulio wazi mwaka 2004, kikatoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Haikuenea madukani, kwani vyuo vya kompyuta viliendelea kufundisha menyu za Kiingereza, lakini iliwezekana.

Sasa tuje Excel, ambayo tatizo lake ni tofauti. Faili la Excel halitakufungia nje. Hatari yake ni kubadilisha ulichoandika bila kukuambia, na hapa ndipo wahasibu wa kamati, walimu wa takwimu na maofisa utumishi huumia kila siku.

Fikiria mweka hazina wa kamati ya harusi. Anafungua Excel: jina, simu, ahadi, alicholipa, salio. Anaandika 0754 na tarakimu zinazofuata, anabonyeza Enter, na sifuri ya mbele inatoweka. Anadhani amekosea, anaandika tena, inatoweka tena. Anaamua kuandika kwa 255 ili aweze kutuma ujumbe wa jumla kwa wanakamati wote, na sasa kisanduku kinaonyesha 2.55754E+11. Wa Kenya mwenye 254 na wa Uganda mwenye 256 wataona sura ileile, kwa sababu namba zote hizo zikiandikwa kimataifa zina tarakimu 12, na Excel isipoelekezwa huonyesha tarakimu zisizozidi 11 kabla ya kuanza kufupisha.

Excel haina kichaa. Kila unapoandika kitu kwenye kisanduku, inajiuliza: hii ni namba, ni tarehe au ni maneno? Ikiona tarakimu tupu inaamua ni namba, yaani kiasi cha kujumlisha na kugawanya, na kwenye kiasi sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya simu inaitwa namba lakini si kiasi. Hakuna anayejumlisha simu za wajomba. Ni utambulisho ulioandikwa kwa tarakimu, na programu haina njia ya kulijua hilo usipoiambia.

Kwa simu, uharibifu bado unarekebishika, kwani ukipanua safu na kubadilisha muundo tarakimu zinarudi, na sifuri unaweza kuirudisha kwa fomula. Kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, haurekebishiki. Namba hiyo ina tarakimu 20: nane za tarehe ya kuzaliwa, tano, tano nyingine, na mbili za mwisho. Ukiiandika na vistari vyake, Excel inaichukua kama maneno na inabaki salama. Ukiiandika bila vistari, Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Hizo tano hazikufichwa mahali, zimefutika. Sababu iko chini kabisa ya mashine: kila namba huhifadhiwa katika biti 64 kwa kiwango kilichowekwa mwaka 1985, na nafasi hiyo inabeba kwa uhakika tarakimu kama 15 hivi. Calc ya LibreOffice ina mpaka huohuo, kwa hiyo kuhama hakusaidii. Ofisi ikiingiza namba za wafanyakazi 300 kwa mtindo huu na kuzichana karatasi za awali, itabidi iwaite wote tena.

Dawa ni ndogo mno ukilinganisha na ugonjwa. Kabla ya kuandika, chagua safu nzima, bofya kulia, ingia Format Cells, weka Text. Au anza kila kisanduku kwa alama moja ya juu, ile ya ng'ombe, nayo haitaonekana kwenye uchapaji. Orodha inapotoka kwenye mfumo mwingine kama faili la CSV, usiibofye mara mbili, kwa sababu Excel itaamua aina za safu kabla hujaona kitu; ingia kwenye Data, chagua kuleta kutoka CSV, uitaje safu ya simu kuwa ni maneno. Hapa Calc inanifurahisha zaidi, kwani ukiifungulia CSV inasimama kwanza na kukuuliza kila safu ni ya aina gani. Mwaka 2023 Microsoft nayo iliongeza kwenye mipangilio ya Excel uwezo wa kuzima ugeuzaji huu, miaka mingi baada ya kilio kuanza.

Na waliolia si sisi tu. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zinazoitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe kila zikiingizwa. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilisalimu amri: ikabadilisha majina ya jeni zenyewe, zikawa MARCHF1 na SEPTIN1. Mwaka huohuo Uingereza ilipoteza kwa muda taarifa za wagonjwa 15,841 wa korona, kwa sababu matokeo ya vipimo yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa .xls, ambao ukurasa wake hauwezi kuzidi mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia. Wagonjwa wenyewe walijulishwa majibu yao, lakini waliotakiwa kuwatafuta watu waliokutana nao walichelewa kupata majina. Muundo mpya wa .xlsx una mistari 1,048,576, na faili hilohilo lingehifadhiwa kwa mwisho mpya, habari ingekuwa nyingine.

Programu ninayoiheshimu kuliko zote kwenye kompyuta ni ile yenye alama ya koni ya barabarani. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa. Mabweni yao yalikuwa na mtandao wa kizamani uliokuwa ukikwama, nao wakatafuta sababu nzito ya kupatiwa mtandao mpya. Sababu waliyoipata ni kurusha video kwa kila chumba kupitia mtandao huo. Koni ni kumbukumbu ya koni ambazo wanachama wa chama chao cha wanafunzi walikuwa wakizikusanya na kurudi nazo bwenini. Mwaka 2001 shule ilikubali msimbo uachiwe chini ya leseni huria, na tangu hapo haina matangazo, haina akaunti, haiombi namba ya simu.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza tabia zake. Programu iliyozaliwa kupokea video inayopita kwenye mtandao mbovu inazoea kukosa vipande na kuendelea. Kwa hiyo video iliyopakuliwa nusu, ambayo wachezaji wengine wanaitupa nje, VLC mara nyingi itaicheza hadi pale ilipokatikia. Kubwa zaidi ni kwamba imebeba vifunguzi vyake yenyewe. Mwisho wa jina, kama .mp4, unakuambia aina ya chombo tu. Ndani yake video inaweza kuwa imebanwa kwa njia mbalimbali. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone hurekodi kwa njia inayoitwa HEVC, inayopunguza ukubwa sana, na simu nyingi za Android sasa zinaiweza pia. Kifunguzi cha HEVC kina hataza za kulipiwa, ndiyo maana Microsoft inakiuza pembeni kwenye duka lake kwa senti 99 za dola. Shangazi akituma video ya kipaimara aliyoirekodi kwa iPhone, kompyuta ya Windows inaweza kutoa sauti bila picha, au kudai malipo. VLC inaicheza. Wenye VLC wako Ufaransa, ambako sheria haitambui hataza za programu kama Marekani inavyozitambua, na hilo limewapa nafasi ya kupumua.

Nyingine nitazipitia haraka, si kwa sababu hazina maana bali kwa sababu uzuri wake hauhitaji maelezo marefu. Notepad ipo tangu Windows ya kwanza mwaka 1985, na kazi yake bora ni kuvua nguo: maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti yakiwa na rangi, viungo na mistari ya ajabu, yapitishe humo kwanza, yatatoka maneno matupu. 7-Zip ya Igor Pavlov inafungua kila furushi, pamoja na lile la .rar linalowafanya watu waendelee kuishi na onyo la WinRAR la siku 40 ambazo haziishi. IrfanView, ya Irfan Škiljan, Mbosnia aliyekwenda kusoma Vienna, imekuwepo tangu 1996 na inapunguza picha 200 kwa mkupuo mmoja. Anayejaza maombi ya kazi au chuo kwenye mfumo unaokataa picha kubwa hahitaji Photoshop, anahitaji hii. Ila leseni yake ni ya bure kwa matumizi binafsi. Mwenye biashara anatakiwa kulipia kidogo.

Everything ya voidtools inastahili mistari zaidi, kwa sababu watu hudhani ni uchawi. Kompyuta ya steshenari ina mafaili yanayoitwa "CV mpya", "CV mpya ya mwisho", "barua ya mama Neema" na "Document1 (7)". Mteja wa Desemba anarudi Machi, na utafutaji wa kawaida wa Windows unazunguka kama unatafuta msumari shambani. Everything inajibu kabla hujamaliza kuandika neno. Siri yake ni kwamba haitembei folda hadi folda. Diski za Windows zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS zina daftari kuu moja lenye jina la kila faili na mahali lilipo. Everything inalisoma daftari hilo lote mara moja, inaliweka kwenye kumbukumbu, kisha inafuatilia mabadiliko kupitia shajara ambayo Windows yenyewe huiandika. Mpaka wake unatokana na hapohapo: inajua majina, haijui yaliyomo, na flashi nyingi hazitumii NTFS, kwa hiyo ni lazima uiambie izipekue kwa njia ya kawaida. Ukizoea kuanza jina la faili na jina la mteja na mwaka, kazi ya kutafuta imekwisha.

PDF ni eneo ambalo uvivu wetu una madhara kwa watu wengine. Mteja analeta cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, anataka viunganishwe viwe faili moja dogo. Mchapaji anafungua tovuti ya kwanza inayotokea, anapakia vyote, anapakua kilichounganishwa. Nyaraka tatu zinazotosha mtu kujifanya mteja yule zimekwenda kwenye seva ya mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019; anayechakata taarifa za watu ana wajibu, hata kama ofisi yake ni meza moja na feni. PDF24 ya Wajerumani, ikisakinishwa kwenye mashine badala ya kutumiwa kwenye tovuti, inaunganisha, inatenganisha, inapunguza ukubwa, yote bila intaneti na bila malipo. Cheti kinabaki dukani.

Kisha kuna suala ambalo kila mtu analijua na wachache wanaliandika: Office nyingi zilizoko mitaani ni za kraki. Sitawahubiria watu kuhusu haki za kampuni tajiri. Nitazame tu maelekezo yanayokuja na kraki, kwa kawaida mstari wa kwanza: zima antivirus, endelea. Kinachofuata unakipa ruhusa ya kufanya chochote, na mara nyingi hicho ndicho kinachohamia kwenye flashi za wateja. Ule ugonjwa maarufu wa folda zote kugeuka shortcut unafanya kazi hivi: kirusi kinayapa mafaili yako sifa ya kufichwa, kinaweka mahali pake viungo bandia vyenye majina yaleyale, na ukibofya kiungo kinajiendesha kwanza halafu kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Mafaili hayajaliwa. Ikiwa flashi ni E, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo yatajitokeza. Futa viungo bandia, kisha safisha flashi na, muhimu zaidi, kompyuta iliyoiambukiza.

Mashine nyingi za steshenari ni za mtumba, zilizotumika ofisini Ulaya au Ghuba kabla ya kufika kwetu, na hazina vigezo vya Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia ya kuihamishia kwenye mfumo endeshi wa Linux, na hapo swali langu la mwanzo linapata jibu la vitendo: LibreOffice na VLC zipo kule, ni zilezile, na zinafungua mafaili yaleyale. 7-Zip ina toleo lake la huko la kuandika amri. Publisher haipo. IrfanView na Everything hazipo pia, ingawa mbadala wake si haba.

Katika kuhama, kitu kitakachokera siku ya kwanza ni fonti. Faili la Word kwa kawaida halibebi herufi zenyewe, linabeba jina la fonti tu. Ukiandika kwa Calibri, iliyokuwa fonti ya kawaida ya Office kuanzia 2007, kisha ukafungua kwenye mashine isiyo nayo, programu inaweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inakatika pengine, na CV ya kurasa mbili inakuwa ya tatu yenye sentensi moja. Hili halihitaji hata Linux: tangu 2023 Microsoft ilibadilisha fonti ya kawaida kuwa Aptos, na Office ya zamani iliyoko dukani haina Aptos. LibreOffice huja na Carlito, iliyochorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana sawa na ya Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria, pamoja na familia ya Liberation kwa Arial na Times New Roman, hivyo kurasa hazihami. Kwa Aptos hakuna pacha kama huyo ndani yake. Anayeandika kwake na kuchapisha dukani abebe faili mbili kwenye flashi: PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake, kwa ajili ya printa, na ile ya .docx, au .odt ya LibreOffice, kwa ajili ya siku ambayo mwajiri atasema tarehe imekosewa.